Dereva na Kiti cha Mbele

Wapo wanaosema Dereva alikuwa jeuri. Nimewasikia sokoni Iringa, nimewasikia Mbeya, na mara moja nilimsikia mtu ambaye hakuwahi hata kupanda gari lake akilisema hilo kwa uhakika wa shahidi. Sibishani nao. Alikuwa jeuri. Ninachotaka kueleza ni ujeuri ule ulifanya kazi gani, kwa sababu nilipanda gari lake miaka kadhaa, masika na kiangazi, na nilichokiona nimekiona.

Sitasema alizaliwa wapi wala alikuwa wa ukoo gani. Wazee wake walipanda huku kutoka pwani wakifuata biashara. Hilo lilijulikana kwa kofia yake na kwa Kiswahili chake kilichonyooka, ambacho kilitufanya sisi wa bara tujisikie kama tunaozungumza na kokoto mdomoni. Zaidi ya hapo hakueleza, na mimi sikuuliza. Jina alikuwa nalo, lakini kati ya Iringa na Mbeya hakuna aliyelitumia. Madereva wengine wa njia ile waliitwa kwa majina yao. Yeye aliitwa Dereva, ikatosha.

Mimi nilikuwa fundi baiskeli Iringa. Kila nilipoishiwa vipuri nilikwenda Mbeya, kwa Mhindi mmoja aliyekuwa na minyororo na mipira isiyopatikana kwetu. Ndiyo namna nilivyomjua.

Gari lenyewe lilikuwa lori lililojengewa bodi ya mbao. Nyuma kulikuwa na mabenchi yetu, turubai juu, na turubai nyingine za pembeni za kuteremshwa mvua ikija. Mbele kulikuwa na chumba cha dereva, na kando ya dereva kiti kimoja chenye mto wa ngozi. Kati ya mbele na nyuma ulisimama ukuta wa mbao wenye kidirisha cha kupitishia maneno, na maneno ya Dereva yalipita hapo kama maji ya moto.

Abiria aliwaita "mizigo yenye midomo." Alikuwa na desturi ya kupita pembeni ya gari kabla ya kuondoka, akitutazama mmoja mmoja kama mtu anayekagua magunia, huku akitoa maagizo. Mwenye kuku amfunge miguu. Mwenye kutapika akae pembeni, na asitapikie upande wa upepo. Mwenye kuogopa aogope kimya. Mtu akichelewa, hata kama ni mtu mkubwa, hata kama utingo wake alikuwa akimwona anakuja mbio na sanduku kichwani, Dereva alitia gia. "Barabara haina mjomba," alisema. Neno hilo wengi walikuja kulitumia bila kujua limetoka kwake.

Utingo huyo alikuwa mtu mzima kuliko yeye, mwenye mvi, mpole, na nadhani kazi yake kubwa ilikuwa kuomba radhi. Dereva akishamtukana abiria, utingo alimwendea yule abiria na kumwambia, "Usijali, ndivyo anavyosalimia."

Kuhusu hali ya hewa alikuwa mjinga kabisa, nami nasema hivyo kwa sababu wanaomsifu siku hizi humfanya mtabiri. Safari ile ya kutwa moja hukupitisha katika majira yote. Unaondoka Iringa na baridi ya asubuhi, Mufindi unakuta ukungu unaolowesha nyusi, Makambako upepo, kisha unateremka Usangu kwenye joto la kuyeyusha nta, halafu unapanda tena kuelekea Mbeya ambako waweza kupokewa na mvua ya mawe. Mtu mwenye busara angenyamaza. Dereva alitangaza. "Leo Chimala hainyeshi," alisema akiwa bado Iringa, na Chimala tukakuta maji yanavuka barabara. Tukimkumbusha alijibu, "Hii si mvua. Hayo ni mawingu yanajisafisha." Sikumbuki hata siku moja alipokubali kwamba amekosea. Aligombana na mawingu kama alivyogombana na watu, na nadhani alifurahia zaidi ugomvi wa mawingu kwa sababu hayakuwa na utingo wa kuyaombea radhi.

Alisali. Popote adhuhuri ilipomkuta alisimamisha gari, akatandika mkeka wake kandokando ya barabara, na sisi tukangoja, Waislamu na Wakristo na wasio na chochote. Mlutheri mmoja wa Makambako aliwahi kunung'unika kwamba anacheleweshwa kwa ajili ya dini ya mtu. Dereva alimaliza sala, akakunja mkeka, akamwambia kwa sauti ya kawaida, "Nimekuombea na wewe. Breki ni za zamani." Yule bwana hakunung'unika tena hadi Mbeya.

Na alikuwa na hofu moja. Aliogopa ng'ombe. Mtu aliyeteremka mlima na tope akiimba, akikuta kundi la ng'ombe wa Wasangu linavuka karibu na njia panda ya Rujewa, alisimama mbali sana, mikono yote miwili juu ya usukani, kimya. Wachungaji walimjua. "Dereva, pita!" walipiga kelele. "Wana pembe tu, hawana bunduki!" Nilipomuuliza alisema ng'ombe hana akili ya kukuhofia, na kiumbe asiyekuhofia huwezi kumwambia kitu. Nimelifikiria jibu hilo mara nyingi.

Lakini jambo lililonisumbua zaidi kuhusu Dereva lilikuwa kile kiti cha mbele.

Kilikuwa kiti cha Wazungu. Kampuni yenye gari ilitaka hivyo, na kama siku hiyo hakusafiri Mzungu, kilikaa kitupu. Sisi huku nyuma tungebanana hadi mtoto akalishwe begani kwa mtu asiyemjua, wanaume wakining'inia mlangoni, na kile kiti kingekwenda kitupu Iringa hadi Mbeya, mto wake wa ngozi ukitikisika peke yake. Na Dereva, ambaye hakuitii mvua wala mwenye sanduku kichwani, aliitii sheria hiyo. Nilimwona akimkatalia mzee mgonjwa. Nilimwona akimkatalia shehe. Siku moja tukinywa chai Makambako nilimuuliza kwa nini.

"Fundi," alisema, "kiti kile ndicho wanachokitazama. Hayo mengine ninayoyafanya hawayaoni."

"Kwa hiyo unakiogopa."

"Kinanilishia wanangu," alisema, akanipa mgongo.

Nilimdharau kidogo kwa jibu hilo. Nilikuwa kijana bado, na sikuwa na watoto.

Sasa nieleze safari moja, kwa sababu bila hiyo haya mengine ni masimulizi ya barazani tu.

Ilikuwa Machi, mvua zimekolea, na habari zilikuwa zimefika Iringa kwamba barabara ya Usangu iko karibu kufungwa. Kule Igawa, penye mto, kulikuwa na geti la mvua, na likishateremshwa hakuna gari linalopita hadi udongo ukauke, wiki moja au hata mwezi. Kwa hiyo kila mwenye shida Mbeya alitaka gari la siku hiyo.

Alipanda binti mmoja Mnyakyusa, mtoto mchanga mgongoni. Baba yake alikuwa mwashi pale Iringa, naye binti alikuwa amekuja kwao kujifungua mtoto wa kwanza. Mumewe alikuwa Mbeya. Alikuwa ameandikishwa kwenda kwenye migodi ya dhahabu kusini, na kesho yake asubuhi yeye na wenzake wangepakiwa kwenye ndege. Mtoto huyo alikuwa hajamwona. Hayo yote binti alimweleza bibi mmoja wa Kilolo aliyeketi kando yake na kuku wawili na kikapu cha njegere. Bibi yule aliuliza kwa sauti na kurudia majibu kwa sauti, na kabla hatujafika Ifunda gari zima lilijua.

"Mtoto wa kiume?" bibi aliuliza.

"Wa kike."

"Vizuri. Wa kiume naye angeandikishwa."

Mufindi tulipita ndani ya ukungu. Miti ya mashamba ilitokea na kutoweka pembeni kama watu wanaochungulia. Tulipofika Nyololo yalikuwa manyunyu, na kando ya barabara alisimama mzee mmoja mrefu, koti zito, mwavuli mkononi, kifurushi chini ya kwapa. Gari lilipopunguza mwendo alitutazama, kisha akageuka ghafla na kutupa mgongo, akabaki hivyo, akitazama upande wa mashamba.

Wakati uleule binti alikuwa amesimama. Amejifunika shuka uso mzima, ameinama, anapapasa kutafuta mlango.

Asiyewajua Wanyakyusa nimweleze. Kwao mke wa mwanao hakutazami, wala wewe humtazami. Mkikutana njiani anaacha njia, anajifunika hadi upite. Hakai nawe chumba kimoja. Jina lako halitamki. Si chuki, ni heshima, na waliolelewa nayo huifanya kabla hawajaifikiria. Yule mzee alikuwa mkwewe, baba wa mumewe. Alikuwa mnyapara katika mashamba ya chai ya Mufindi, na alikuwa akienda Mbeya kwa shida ileile: kumuaga mwanawe.

Utingo alikwisha kuelewa. Alimsogezea binti mkono ashuke. Na bibi wa Kilolo, ambaye ni Mhehe na kwao mambo si makali hivyo, alisema kwa huruma, "Shuka tu, mwanangu. Mkwe ni mkwe. Utapata gari lingine."

"Lipi?" Dereva aliuliza kwenye kidirisha.

Alizunguka, akaja nyuma, manyunyu yakimlowesha kofia.

"Unakwenda wapi?" alimuuliza binti.

"Nashuka, Baba."

"Unataka kushuka au unatakiwa kushuka?"

Mtoto alianza kulia. Kisha binti alisema ndani ya shuka lake, polepole, na kila mtu alisikia: "Nataka kufika."

"Kaa."

Mzee, bila kugeuka, aliisemesha migomba iliyokuwa mbele yake. "Mwambieni dereva, mimi simfukuzi mtu. Lakini gari ni nyumba moja. Haiwezekani."

"Basi ngoja gari lingine, Mzee," Dereva alisema.

"Huyo anayekwenda ni mwanangu."

"Na ni mume wa huyu."

"Wewe huna desturi?"

"Ninayo. Aliyekwisha kupanda gari langu hashuki kabla ya kwao. Hiyo ndiyo desturi ya nyumba hii." Kisha akatulia kidogo, akilitazama gari lake kama mtu anayelipima kwa mara ya kwanza. "Mzee, kwenu hakuna nyumba yenye milango miwili?"

"Zipo."

"Yenye ukuta katikati?"

Mzee alihamishia kifurushi kwapa la pili. "Zipo," alisema.

Dereva akamshika binti kiwiko, akamshusha kwa upande wa pili ambako mkwe asingeona hata kivuli, akamzungusha mbele, akafungua mlango, na akamkalisha kwenye kile kiti cha mto wa ngozi. Kisha akavua koti lake na kukiziba nalo kile kidirisha cha ukutani, akalipigilia misumari miwili.

Utingo alishika kichwa. "Ndugu yangu," alimwambia, "kazi hiyo inakwenda."

"Panda, Mzee," Dereva alisema. "Mlango wako huu wa nyuma. Wake ule wa mbele. Nyumba mbili."

Mzee alifikiri kwa muda mrefu, mvua ikimgonga mwavuli. Mwishowe alipanda, akaomba benchi la mwisho kabisa, na akaketi kinyume na sisi sote, akiipa mbele ya gari mgongo. Ndivyo alivyosafiri hadi Mbeya. Nchi yote ile ambayo sisi tuliiona ikija, yeye aliiona ikiondoka.

Kila tulipotua, utaratibu ulikuwa mmoja. Dereva alipiga ubao: "Wa nyuma!" Mzee akashuka, akanywa chai yake, akajisaidia, akarudi mahali pake. Kisha: "Wa mbele!" Binti naye akashuka. Makambako, upepo ukipeperusha majivu ya mama ntilie, bibi wa Kilolo alimpelekea binti uji mbele na kumpelekea mzee habari nyuma. "Mjukuu wako ananyonya vizuri," alisema. Mzee aliitazama barabara. "Ana masikio ya nani?" aliuliza. Bibi akaenda mbele, akarudi. "Yako. Pole." Gari lilicheka, na mzee alicheka pia, akiwa bado ametupa mgongo.

Kutoka Makambako tuliteremka. Makoti yalivuliwa, turubai zikapandishwa, jua likatokea kana kwamba halijawahi kusikia habari za masika. Upande wa Chimala mawingu yalikuwa meusi kama chungu.

"Hainyeshi," tulimsikia Dereva akimwambia binti.

Igawa geti lilikuwa bado wazi. Lakini mbele yake alisimama Bwana Barabara, Mzungu aliyesimamia matengenezo ya njia ile, mkoba mkononi. Alikuwa ametoa amri geti lishushwe baada ya gari letu, na yeye mwenyewe alitaka kwenda nalo Mbeya. Alikwenda moja kwa moja kwenye mlango wa mbele, akaufungua, akamkuta binti ananyonyesha. Akaufunga haraka, uso mwekundu. Alikuwa mtu wa haya, nikiri hivyo.

"Dereva! Nani hii?"

"Abiria, Bwana."

"Toa yeye. Mimi nakwenda Mbeya."

"Nyuma kuna nafasi, Bwana. Nzuri, ina upepo."

"Wewe najua sheria ya hii kiti."

"Naijua. Nimeishika miaka yote."

"Basi toa yeye."

"Leo siishiki."

Alisema bila kelele, na hilo ndilo lililotutisha, kwa sababu kelele zake tulizizoea. Bwana Barabara aliliangalia geti. "Mimi nafunga sasa. Hakuna gari."

"Funga, Bwana. Geti ni lako." Dereva akazima injini. Pale ndipo niliposikia mto unavyounguruma. "Tutalala hapa sote. Na wewe utalala hapa pamoja nasi. Mbu wa Igawa hawaulizi mtu kiti chake."

Tulikaa. Binti alifungua mlango wa mbele kidogo, mguu mmoja ukatafuta ardhi. Dereva, bila kumtazama, alisema, "Rudisha mguu." Mguu ukarudi. Radi ilipiga mbali, upande wa Chimala, na Bwana Barabara alitazama huko kwa macho ya mtu anayejua barabara yake itakuwaje baada ya saa chache.

Bibi wa Kilolo ndiye aliyemaliza. Alisogeza kikapu chake, akapangusa benchi kwa kiganja. "Bwana, njoo huku kwa bibi yako. Hawa kuku hawaumi."

Alikuja. Alipanda nyuma, magoti yakimfika kidevuni, mkoba juu ya mapaja. Geti likashushwa nyuma yetu.

Chimala ilinyesha. Ilinyesha hivi kwamba turubai ilijaa maji kama kiriba na kuanza kuvuja juu ya Bwana Barabara, na yule mzee, akiwa bado ametazama nyuma, alinyoosha mwavuli wake juu ya bega na kumkinga. Kutoka Igurusi tulipanda tukiteleza, wanaume tukashuka kusukuma mara mbili, Bwana Barabara akisukuma pamoja nasi, tope hadi shingoni. Mzee alisukuma pia, macho yake yakiwa chini kwenye gurudumu, asije akauona mlango wa mbele.

Mbeya tulipokewa na mvua ya mawe na mabati yakipiga kelele za ngoma. Ilikuwa bado mchana. Kijana mwenye blanketi jipya la kampuni ya migodi alikuwa akikimbia kando ya gari kabla halijasimama. Alimwona baba yake nyuma. Kisha akasikia kilio cha mtoto mbele. Akasimama katikati, akageuka huku, akageuka kule, mawe ya mvua yakimrukia kichwani.

"Mbele kwanza!" Dereva alimpigia kelele. "Huyu wa nyuma unamjua tangu zamani!"

Mzee ndiye aliyecheka kwanza.

Dereva alifukuzwa kazi wiki ileile. Hakuomba. Utingo alipotaka kwenda kumwombea, alimwambia akithubutu watagombana. Nasikia meneja alimuuliza kama ana la kusema, naye akajibu kwamba mto wa kile kiti una kunguni. Watoto wake walikula kwa shida mwaka ule. Hilo nalo niliseme, maana mtu akisifiwa kwa ujasiri watu husahau nani aliyeulipia. Mkewe alilisema bila kusahau, tena mbele yake. Yeye alijibu kila mara neno lilelile: "Ningefanya tena." Hakusema kwa kujisifu. Alisema kama alivyosema "hainyeshi," isipokuwa mara hii alikuwa sahihi.

Nilimwona mara ya mwisho mwishoni mwa miaka ile ya hamsini, Rujewa. Alikuwa akiendesha mashine ya kukoboa mpunga ya mfanyabiashara mmoja wa pale, amefunikwa na pumba hadi kope, akiwatukana wanawake waliokuja na mpunga mbichi, nao wakimjibu vizuri zaidi kuliko tulivyomjibu sisi. Wanawe walikuwa wakubwa. Tulikuwa bado tunasalimiana nilipowaona wanaume wawili wakija kupitia matuta ya mashamba. Wa mbele alikuwa yule mzee wa Nyololo, amezeeka, amebeba mwavuli. Nyuma yake alikuja mtu mzima mwenye uso wa kesi.

"Wamefika," Dereva alisema, akazima mashine.

Mzee alisimama hatua chache mbali. Alisema kwa sauti rasmi, na yule mwingine alisikiliza kila neno. Alisema amekuja kudai mbuzi wake. Alisema mwiko wa ukwe ulivunjwa ndani ya gari, aliyeuvunja ni mwendesha gari, na wazee wa ukoo wanadai mbuzi wa kulisafisha jambo hilo, hasa tangu mwanawe aangukiwe na mwamba huko migodini, asirudi.

Sikuwa nimejua kwamba kijana yule alikufa. Siku ile ya mvua ya mawe ilikuwa siku yake pekee na mtoto wake.

"Sitoi!" Dereva alipiga kelele, hadi wanawake wa mpunga wakageuka. "Binti hakukuona! Hakukugusa! Ukuta ulikuwepo! Mwanao aliuawa na jiwe, hakuuawa na gari langu. Sitoi mbuzi, sitoi kuku, sitoi hata unyoya!"

"Umesikia?" mzee alimuuliza mwenzake.

"Nimesikia," yule alisema, akiwa amekunja uso. "Huyu mtu ni jeuri."

"Ndivyo alivyo."

Mke wa Dereva aliwaita wakale wali. Yule ndugu wa mzee alikwenda, mzee mwenyewe akabaki. Nilimwambia Dereva polepole kwamba mbuzi mmoja si kitu, kwa nini asimpe mzee aliyefiwa, mambo yakaisha.

"Yakaisha vipi, Fundi?" Alijifuta pumba machoni. "Nikitoa mbuzi nimekubali kwamba kosa lilikuwepo. Kosa likiwepo lina mwenyewe, na mwenyewe si mimi. Ni yule binti. Wazee wa ukoo watasema ndiye aliyemuua mumewe. Watamrudisha kwa baba yake mikono mitupu na mtoto watabaki naye. Mbuzi asipotoka, shauri halijaisha, na shauri ambalo halijaisha hawawezi kulikata. Binti bado yuko kwenye shamba lake na mwanawe."

Mzee alikuwa ametazama mashamba ya mpunga, kana kwamba hayo hayamhusu. Alikung'uta mwavuli wake, ingawa haukuwa na maji.

"Nitarudi mwakani nikiwa mzima," alisema. "Nitakuja na ndugu mwingine, mkali zaidi ya huyu. Ukatae vilevile."

"Kwani nilishawahi kukubali?" Dereva alisema, akamshika mkono kumpeleka kwenye wali.